Bustani ya Minnesota kabla ardhi haijaganda

Novemba ikiingia, anza na bomba la nje. Kazi nyingine zinaweza kungoja siku mbili tatu, hii haingoji. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na yakikosa nafasi hupasua bomba.

Chomoa mpira wa maji, hata kama bomba lako ni lile lisiloganda. Lile lina shina refu: koki yake hufungia ndani kwenye joto, na maji yaliyobaki humwagika nje yenyewe. Ukiacha mpira umeungwa, maji hayana pa kutokea, yanagandia ukutani. Ufa unakuwa mbele ya koki, kwa hiyo miezi yote ya baridi hauvuji hata tone. Utaushtukia siku ya kwanza ya kumwagilia, maji yanachuruzika ndani ya nyumba. Kama bomba ni la zamani, funga koki ya ndani, fungua ya nje maji yaishe, iache wazi.

Nyasi kata hadi ziache kukua, zibaki inchi 2.5 hadi 3. Zikiwa ndefu theluji huzilaza, zinashikamana na kuota ukungu. Majani ya miti yakiwa machache na makavu, pitisha mashine juu yake mara mbili, vipande vitaozea humo humo. Yakifunika nyasi, yakusanye kwa reki. Tafadhali usiyasukumie barabarani, mitaro huyapeleka ziwani.

Mchicha na kunde havivuki sakitu (umande ulioganda) ya kwanza, ng'oa. Sukuma wiki iache. Baridi huiongezea utamu. Ila ichume mchana, barafu ikishayeyuka kwenye majani. Ukilichuma jani likiwa limeganda, hunyauka mkononi.

Hujapanda kitunguu saumu? Kama jembe bado linaingia ardhini, wahi. Chagua aina yenye shina gumu katikati, punje kubwa, kitako chini, kina cha inchi 2, nafasi inchi 6. Funika kwa mabua makavu inchi 4. Ardhi ikiganda na kuyeyuka mara kwa mara huzisukuma punje juu, mabua huituliza.

Miti michanga imwagilie hadi ardhi igande, kisha izungushie wavu wa waya, usiguse shina. Urefu wa wavu upime kuanzia pale theluji itakapofikia. Sungura husimama juu ya theluji na kuguguna gome ulilodhani halifikiki.