Nilivyotengeneza upya puli ya mbao kwa kusoma hataza ya mwaka 1882

Mashine ya randa niliinunua kwa mzee mmoja jirani yangu hapa Ohio. Ghala lake lilikuwa linabomolewa na alichotaka ni iondoke tu, hivyo bei ilikuwa ndogo kuliko gharama ya kuibeba. Chuma chake kilikuwa kizima, ila kibao cha jina la mtengenezaji kilikwishang'olewa zamani. Pamoja nayo nikapewa shafti ya kati, ile inayopokea nguvu kutoka kwenye mota na kuipeleka kwenye visu. Juu ya shafti hiyo zilikaa puli mbili, yaani magurudumu ya kuzungushia mkanda: ya chuma ya inchi 12, na ya mbao ya inchi 20.

Hiyo ya mbao ndiyo iliyonikalisha miezi minne. Paa la ghala lilikuwa likivuja juu yake. Nusu moja ilikuwa imeoza, ukiishika inabaki mkononi kama makapi ya muwa. Nusu ya pili ilikuwa imesalimika. Nami ni seremala, nimezaliwa Tanga katika nyumba ya maseremala, na nilipoifuta vumbi nikaona kazi ya mtu aliyejua mbao. Ukingo haukukatwa kwenye ubao mmoja. Ulijengwa kwa vipande vifupi vilivyopindwa, tabaka juu ya tabaka, viungo vikipishana kama matofali ukutani, nyuzi za mbao zikifuata mzunguko.

Watu waliniuliza kwa nini nisinunue puli ya chuma nikamaliza. Jibu liko kwenye beringi. Beringi za shafti ile ni za babiti, yaani aloi ya bati, antimoni na shaba iliyobuniwa na Isaac Babbitt wa Massachusetts mwaka 1839. Inayeyushwa na kumiminwa kuzunguka shafti yenyewe, na hizi zilimiminwa zima, bila kifuniko cha kufungua. Shafti hutolewa kwa kuivuta pembeni tu, na puli ya chuma ilikuwa imeshikana nayo kwa kutu kiasi kwamba haitembei hata unywele. Nilihitaji puli ya kufunga shafti ikiwa mahali pake: puli ya vipande viwili.

Jaribio la kwanza nilifanya kwa kukisia. Nikaiga ile nusu nzima, nikatoboa kitovu sawasawa na unene wa shafti, nikafunga nusu mbili kwa bolti nne, nikakaza mpaka nati zikalia. Nikaizungusha kwa mkono. Shafti ikazunguka, puli ikabaki imesimama. Nikatafuta mahali pa kii, kile kipande cha chuma kinachofungia puli kwenye shafti, katika nusu ya zamani, hakuna. Skrubu ya kubana, hakuna. Na shafti yenyewe ni laini, haina hata alama ya patasi. Puli ile ilikuwa imebeba mzigo wa mashine ya randa kwa miaka, na mimi sioni ilikuwa inashika kwa kitu gani.

Jioni moja nikawa naisafisha mikono ya ile nusu nzima, inayounganisha kitovu na ukingo, kwa mafuta ya taa. Chini ya uchafu zikatokea herufi za rangi nyeusi: PAT. JULY 4 188. Tarakimu ya mwisho ilikuwa imeliwa na unyevu.

Hataza, au patenti kama wengi tunavyosema, ni hati za serikali zinazompa mvumbuzi haki ya kitu chake, na za Marekani ziko zote kwenye intaneti bure, tangu ile namba 1 ya Julai 1836. Kabla ya hapo zilikuwa hazipewi namba, na nyingi ziliungua Desemba mwaka huohuo ofisi yao ya Washington iliposhika moto. Nilianza kwa kuandika neno la puli kwenye sehemu ya kutafutia. Likanipa maelfu, halafu likaniacha na mashaka, kwa sababu maandishi ya zamani yamesomwa na mashine ambayo mara nyingi inakosea herufi. Hataza unayoitaka inaweza kuwa imo na neno lako lisiione.

Kilichonifungulia njia ni kalenda. Tangu mwaka 1848 hataza za nchi hii hutolewa Jumanne. Kila wiki, Jumanne. Basi nikachukua karatasi nikaandika tarehe 4 Julai ya kila mwaka kuanzia 1880 mpaka 1889, na mbele yake siku ya wiki. 1880 Jumapili, 1881 Jumatatu, 1882 Jumanne, 1883 Jumatano, na kwa kuwa 1884 ni mwaka mrefu siku ikaruka moja kwa moja hadi Ijumaa. Nikaendelea mpaka 1889. Katika miaka yote kumi, Jumanne ni moja tu. Tarakimu iliyoliwa na unyevu ilikuwa 2. Hata sikukuu yao ya uhuru haikuizuia ofisi kutoa hataza siku ile, na namshukuru Mungu, maana tarehe nyingine ingeweza kuniachia Jumanne mbili.

Mwaka 1882 zilitoka hataza zaidi ya 18,000, kwa hiyo Jumanne moja ina kama 350. Nikapunguza kwa kutumia makundi: mambo ya puli na upitishaji wa nguvu yamepangwa siku hizi chini ya F16H, na mashine za mbao chini ya B27. Nikaweka tarehe, nikaweka kundi, na hapo sikusoma maneno kwanza, nilitazama michoro. Ukiwa fundi mchoro unakuambia haraka kuliko maandishi. Nikaikuta: puli ya mbao ya vipande viwili, ya Wallace H. Dodge na George Philion wa Mishawaka, Indiana, jimbo linalopakana na hili ninalokaa.

Niseme jambo moja kuhusu michoro hiyo. Mpaka mwaka 1880 aliyeomba hataza alitakiwa kupeleka na mfano mdogo wa kitu chake, usiozidi inchi 12 kila upande. Sharti hilo lilipoondolewa, mchoro na maelezo vikabaki kubeba mzigo wote, na sheria ilidai mvumbuzi aeleze kwa namna ambayo mtu wa fani ileile ataweza kukitengeneza. Mimi ni mtu wa fani ileile. Nilipokuwa nasoma saa sita za usiku nilihisi nasemeshwa na fundi mwenzangu, ananionyesha kwa kidole: hapa, halafu hapa. Na muda wa haki yao, miaka 17, ulikwisha kabla babu yangu hajazaliwa, kwa hiyo kazi ile ni ya yeyote anayetaka kuitumia.

Nikarudi kwenye ile nusu nzima, mchoro mkononi. Nikaweka rula ya chuma kutoka ukingo hadi ukingo, kupitia kitovuni. Ukingoni rula ililala juu ya mbao. Kitovuni palikuwa na mwanya, unene wa njiti ya kiberiti. Hapo ndipo siri ilipokuwa. Nusu mbili zikikutana ukingoni, vitovu havigusani. Bolti zinapokazwa, mbao ya kitovu inaibana shafti pande zote kama viganja viwili, na msuguano peke yake unabeba mzigo. Puli yangu ya kwanza vitovu vyake vilikuwa vinagusana, kwa hiyo nguvu yangu yote ya spana ilikuwa inakaza mbao kwa mbao, shafti haibanwi na kitu. Njia hii haidai kii, haikwaruzi shafti, na ukitaka puli hiyohiyo kwenye shafti nyembamba unaongeza bushi ya mbao, yaani pete ya kuziba nafasi kati ya kitovu na shafti. Mmiliki wa kiwanda aliweza kuifunga puli jioni moja bila kushusha shafti ndefu iliyopita juu ya vichwa vya wafanyakazi wake wote. Ukiijua kazi ya kushusha shafti ile, utaelewa kwa nini mtu alikwenda kuiandikia hataza.

Nikaanza upya kwa mbao za mepo (maple) zilizokaa ndani miaka mitatu. Tabaka sita za inchi moja moja, vipande 21 kila nusu, 42 jumla. Ubao husinyaa kwa upana, kwa urefu karibu hausinyai kabisa. Ndiyo maana nyuzi lazima zifuate mzunguko, la sivyo baada ya msimu mmoja wa baridi puli inakuwa yai. Nilibandika tabaka moja kwa siku, gundi ikakauka usiku, asubuhi nikapiga randa ya mkono kabla ya kuweka nyingine. Ukingo nikaukereza puli ikiwa juu ya shafti yake yenyewe, mota ikizunguka taratibu.

Nikapiga hesabu. Mota yangu ni mizunguko 1,725 kwa dakika. Ina puli ya inchi 6, inapeleka kwenye ile ya chuma ya inchi 12, kwa hiyo shafti inakwenda nusu, karibu 862. Kutoka puli ya mbao ya inchi 20 kwenda ya visu ya inchi 5 ni mara nne: 3,450. Ukingo wa mbao unakimbia karibu mita 23 kwa sekunde. Sikuiwasha kabla ya kuizungushia kinga ya bamba la chuma, na wala sikusimama sambamba nayo.

Puli ikashika. Shafti ikashika. Mkanda ukatoka. Nikaurudisha, ukatoka tena, kila mara upande tofauti. Nikapanga shafti kwa uzi, zimenyooka. Siku mbili nilihangaika, ya tatu nikampigia mjomba wangu Tanga, aliyefanya kazi ya mikanda kwenye korona za mkonge, yaani mashine za kuchakata majani ya mkonge, tangu ujana wake.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Huko si usiku?"

Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Umeipa tumbo?"

"Tumbo gani, mjomba?"

"Puli bapa haishiki mkanda. Katikati ipande kidogo, pembeni ishuke. Mkanda unapenda kupanda kilima, mwenyewe utarudi katikati. Kaitazame hiyo ya wazee, lazima inalo."

Nilikwenda na rula usiku uleule. Niliisimamisha juu ya uso wa ile nusu ya zamani, kutoka pembe hadi pembe, na taa nyuma yake. Mwanga ukapita pande zote mbili, katikati giza. Tumbo lilikuwepo, unene wa sarafu, limefichwa na gamba la mafuta ya mkanda lililojaa pembeni. Nilikuwa nimepima kipenyo mahali pamoja tu. Kesho yake nikakereza pembe mbili zishuke, na mkanda tangu siku hiyo haujatoka.

Katika kutafuta nilizisoma na hataza nyingine ambazo sikuzihitaji, na moja bado inanikaa rohoni. Visu vinavyozunguka pamoja na roli zinazovuta na kukandamiza ubao, mpangilio uliomo ndani ya mashine yangu, ni hataza ya William Woodworth wa Poughkeepsie, ya tarehe 27 Desemba 1828. Haki yake ilikuwa ya miaka 14. Ikaongezwa saba, halafu Bunge likaongeza saba nyingine, ikafika 1856. Miaka 28 mwenye kiwanda cha kupiga randa mbao alikuwa analipa kwa walioishika haki hiyo, au anapelekwa mahakamani. Naiona kuwa ni dhuluma kwa mafundi wa zama zile. Karatasi ya Dodge na Philion ilinifundisha kazi. Ya Woodworth ilinifundisha kwamba karatasi hiyohiyo inaweza kuwa rungu.

Ubao wa kwanza niliopitisha ulikuwa wa mwaloni, futi sita. Maranda yalitoka mapana na meupe, na uso wa ubao ukawa laini kiasi cha kuonyesha taa. Nikamrekodia mjomba video nikamtumia. Nilitarajia aseme juu ya puli. Alisikiliza mara mbili, kisha akanijibu kwa sauti: "Nasikia tak, tak, tak. Kiungo cha mkanda umekiweka kinyume, ncha inapigwa na puli, itafunuka. Zima, geuza."

Nikazima, nikageuza. Ikanyamaza.