Sumaku Chini ya Sahani

Niliokoka nikiwa na miaka 31. Mizani ya duka langu ilichelewa sana kuokoka.

Nauza sukari, mchele na maharage hapa Bukoba. Chini ya sahani ya kuwekea bidhaa nilikuwa nimebandika kipande cha sumaku nilichokitoa kwenye spika ya redio mbovu, uzito wake gramu 50 hivi. Mteja anaona mizani imelingana na jiwe la kilo, anaondoka na gramu 950. Kwenye mfuko wa kilo 50 nabaki na kilo mbili na nusu za bure. Na fungu la kumi nilitoa bila kukosa, hata la hizo mbili na nusu!

Sikuwa sijui. Mithali 11 inaanza na mizani ya hadaa, na nilishaisoma mbele za watu. Nikaibandua ile sumaku mara tatu. Mara ya kwanza ilikaa kwenye droo wiki mbili, ada ya shule ikafika, ikarudi mahali pake. Sababu hazikuniishia: jirani naye anapunja, mfuko wenyewe unatoka kwa jumla umepungua, Mungu anatazama moyo. Hiyo ya moyo niliipenda kuliko zote. Nilifunga, nikaombewa, nikalia madhabahuni nikitubu "udhaifu" wangu. Sumaku sikuitaja.

Bibi yangu alikuwa mtu wa Uamsho, ule wa Kikristo wa Gahini, Rwanda, wa miaka ya 1930, uliofika mpaka kwetu Buhaya. Toba yao ilitaja kitu: niliiba jembe, jembe lenyewe hili hapa. Nikamwendea mzee mmoja wa kundi lao, ambaye hadi leo anaimba Tukutendereza, wimbo wao wa sifa, kwa sauti iliyokwaruza. Nikaanza kuzungukazunguka. Akanikatiza: "Mwanangu, umeiba nini, na umemwibia nani?" Nikasema. Hata kuniombea hakuniombea. "Kamwambie mmoja wao kwanza, ndipo urudi tuombe."

Nikamchagua mama anayepika maandazi. Alikuwa akinunua kilo mbili za sukari kila siku, miezi 14. Nilimkuta anakanda unga, nikamweleza nikiwa nimesimama. Akaacha kukanda.

"Kumbe," akasema. "Watu walikuwa wanalalamika maandazi hayana sukari. Mimi nikawa namgombeza binti yangu, nasema anailamba."

Hilo sikulitegemea. Hesabu ya gramu nilikuwa nayo kichwani. Ya yule mtoto sikuwa nayo.

Kurudisha mara nne kama Zakayo wa kwenye Biblia sikuweza, niseme ukweli. Nilimlipa mfuko mmoja, kilo tano kila wiki, wiki kumi. Bei ya sukari nikaipandisha kidogo, wateja kadhaa wakahama, na mwezi wa kwanza mke wangu alinuna kwelikweli. Mkono wangu nao bado hupapasa chini ya sahani asubuhi nikifungua.

Mama maandazi bado ananunua kwangu. Akifika, kabla sijapima, huinua sahani mwenyewe akachungulia chini yake. Namwachia.