Baba alikwenda mwenyewe

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii sikuandaa somo. Nina mtoto ndani analia, na mtoto huyo ana miaka 24.

Alikuwa na mchumba, binti wa Mbagala. Barua ya posa tulishapeleka. Jumatatu binti akarudisha pete. Nami nikasema yale tunayosema sisi wazazi wa Masaki, kwamba alifuata mali tu. Mungu anisamehe. Anayefuata mali harudishi pete.

Nikamuuliza kijana amekosa nini. Akanipa simu nisome: "Nililazwa siku nne. Ukamtuma dereva."

Ni kweli alimtuma, na matunda, na juisi, na bahasha ya laki tatu. Bahasha ikarudi siku ileile, haijafunguliwa. Na mwanangu aliamini kabisa kwamba hapo amependa!

Nani alimfundisha? Akiwa kidato cha pili, bweni, aliugua malaria. Mimi nilikuwa na kikao, akaenda dereva. Mahafali, dereva. Siku ya kipaimara chake nilifika watu wameshaanza kula. Maombolezo 3:27 inasema ni vema mtu aichukue nira wakati wa ujana wake. Ya huyu niliibeba mimi, kwa hela.

Luka 15, habari ya mwana mpotevu aliyetapanya mali ya baba yake kisha akarudi nyumbani, tumezoea kumsema kijana, na nguruwe wake na maganda. Hebu mwangalieni baba. Nyumba ile ilikuwa na watumishi, na ndio walioagizwa vazi, pete na viatu. Lakini kijana alipokuwa angali mbali, mzee hakumtuma mtu. "Akaenda mbio akamwangukia shingoni, akambusu sana." Mzee mzima, mwenye mali zake, anakimbia njiani watu wanamwona!

Baba zangu, mama zangu, ada tumelipa, magari tumewanunulia. Je, shingo zao tumeziangukia lini? Yupo mgonjwa ambaye kila mwezi unamrushia hela kwenye simu na unajiona umemaliza. Nenda. Hata kama foleni ya Barabara ya Kilwa itakula saa mbili, nenda, ukae, umshikie kikombe anywe uji.

Jana usiku nilimsikia bado hajalala. Nikachukua simu nimpigie mama yake, yuko Moshi msibani, azungumze naye. Kisha nikaiacha mezani, nikagonga mlango mwenyewe. Sikuwa na neno la kumwambia. Nilikaa ukingoni mwa kitanda, akaniegemea begani, na hatukuinuka mpaka tuliposikia adhana ya alfajiri.