Damu yangu kabla na baada ya kuwekewa goti bandia

Nilipoelezwa kwamba goti langu la kulia limelika na linahitaji kubadilishwa, nilidhani kazi iliyobaki ni kupangiwa tarehe. Kumbe wingi wa damu ulikuwa gramu 10.4 kwa desilita, ilhali mwanamke anatakiwa kuwa na 12 au zaidi, na daktari wa mifupa akakataa kunipasua. Nilirudi Mpwapwa nimenuna, kwa kuwa nauli ya Dodoma nilikwisha kuilipa mara tatu.

Wiki nne nilimeza vidonge vya kuongeza damu bila mafanikio, hadi muuguzi mmoja aliponiuliza navimeza na nini. Nilikuwa navimeza na chai, na chai huzuia madini ya chuma yasifyonzwe mwilini. Nikahamia maji ya ubuyu, ambao kwetu haukosekani na una vitamini C ya kutosha, ambayo husaidia chuma kufyonzwa. Choo kikawa cheusi, jambo ambalo nilikwisha kuonywa nisilishangae, na baada ya wiki sita nyingine kipimo kikasoma 12.3. Wiki moja kabla ya upasuaji niliachishwa diklofenaki, dawa ya maumivu, kwa sababu huchelewesha damu kuganda.

Siku yenyewe niliwekewa kwenye mshipa asidi ya traneksamiki, dawa ambayo haiongezi damu, bali huzuia donge lililokwisha kuganda lisiyeyuke mapema. Jioni doa jekundu lilitokeza kwenye bandeji, na muuguzi akalizungushia mstari wa kalamu na kuandika saa pembeni yake. Usiku kucha nililikodolea macho. Hadi alfajiri lilikuwa limeuvuka mstari kwa upana wa kidole tu.

Siku ya pili damu ilishuka hadi 9.2.

“Mama aongezewe damu, daktari?” binti yangu aliuliza.

“Hana kizunguzungu, moyo hauendi mbio. Tusubiri,” akajibiwa.

Kilichonitisha zaidi ni vilio la damu la rangi ya zambarau lililoteremka kutoka pajani hadi kifundoni kufikia siku ya tano, kwani sehemu kubwa ya damu inayopotea baada ya upasuaji huu huvujia ndani ya nyama, isionekane kwenye bandeji wala kwenye mrija wa kutolea damu kidondani. Niliinua mguu juu ya mito na kuukanda kwa barafu iliyofungwa kwenye kanga, huku nikiendelea na sindano za kuzuia damu isigande kwenye mishipa, ambazo nilitamani sana kuziacha, nikakatazwa. Vidonge vya chuma nilivirudia, na wiki ya nane nikasoma 11.9.