Kidole Kimoja

Jumamosi fundi alikuja kutukatia godoro la mito ya kochi. Harufu ya sponji iliponifikia nikasimama mlangoni, nikaokota kipande chembamba na kukitia mfukoni. Binti yangu akauliza cha nini. Nikamjibu ni cha gitaa. Hakuridhika, nami sikuwa na jibu la haraka.

Kwa Mzee, Magomeni, nilienda kila jioni kwa miezi mitatu. Ndiye aliyenifundisha gitaa la besi. Nilikuwa napiga kwa vidole viwili, mbio mbio, nikiamini kasi ndiyo ufundi. Mengi ya miezi ile yamefutika. Jioni moja haijafutika.

Umeme ulikatika. Nikaanza kufunga gitaa, akanizuia. Akachukua kipande cha sponji ya godoro, akakisokomeza chini ya nyuzi karibu na daraja, pale nyuzi zinapoegemea mwilini mwa gitaa. Kisha akachana kitambaa, akanifunga kidole cha kati pamoja na cha pete. "Umebaki na cha shahada. Kitakutosha." Akanisogeza hadi kichwa cha gitaa kikagusa kabati la nguo. "Haya, piga."

Nikapiga uzi mnene. Kabati likanguruma. Vikombe vilivyopangwa juu yake vikatetemeka, na mngurumo ukanirudia begani kupitia mbao za gitaa. Ilikuwa sauti nene, fupi, inayozimika papo hapo, kama mchi unapotua kwenye kinu kilichojaa mpunga. Sikuwa nimewahi kusikia besi yangu ikisema hivyo.

Akawasha redio ya mawe. Kanda ilikuwa haina jalada, imeandikwa tu "Soul" kwa kalamu ya wino. Ukaja ule wimbo ambao karibu na mwisho vyombo vyote vinanyamaza, halafu mwimbaji analiita jina la mwanamke na wote wanarudi kwa kishindo: "Bernadette" wa Four Tops, wa mwaka 1967. "Mwache anayeimba," Mzee akasema. "Teremka chini."

Nikateremka. Besi ile ilijipenyeza katikati ya mapigo, ikakanyaga sauti za kando ili ivuke kwenda kwenye fungu la sauti linalofuata, kama mtu anayevuka kijito kwa kurukia mawe. Aliyeipiga hakuacha pengo, wala hakumziba mwimbaji. Mzee alirudisha kanda mara nyingi mno, hadi sauti ikaanza kulegea kwa mawe kuchoka. Kufika Isha kidole changu kilikuwa na lengelenge, na nilikuwa nimepata kipande kidogo tu, labda sekunde kumi za wimbo.

"Huyu anayepiga ni nani, Mzee?"

"Ni mwenzetu huyo," akasema, akazima redio.

Jina nililipata miaka mingi baadaye: James Jamerson, mzaliwa wa kisiwa cha Edisto, South Carolina, mwaka 1936. Alijifunza besi kubwa ya kusimama akiwa shuleni Detroit, na alipohamia ya umeme akaendelea kupiga kwa kidole kimoja cha shahada. Studio alikopiga, ya Motown, kampuni ya muziki wa soul ya Detroit, ilikuwa kwenye nyumba ya kawaida, West Grand Boulevard. Nyimbo zilizotoka mle zilizunguka dunia nzima, na kwa miaka mingi majalada hayakutaja waliopiga vyombo. Jina lake lilichapishwa mwaka 1971, kwenye albamu ya Marvin Gaye. Alifariki Los Angeles mwaka 1983.

Nikasoma pia kwamba aliweka sponji chini ya nyuzi, na kwamba hakuzibadilisha mpaka zikatike. Hapo nikashindwa kuendelea kusoma. Mzee alikuwa ameshazikwa. Je, alilijua jina lile, au sponji aliisikia tu kwenye kanda, kwa masikio yake? Na "mwenzetu" alimaanisha nini: mpiga besi, mtu mweusi, au mtu anayepiga usiku kucha na jalada lisimtaje? Naligeuza neno lile hadi leo.

Jana nimeisokomeza sponji mpya. Binti yangu akakaa karibu, akauliza tena, safari hii akitaka kujua ni nani alinifundisha. Nikamtajia majina mawili. La Mzee nililitanguliza.