Mkate wa katlesi

Jana usiku nilikaa na daftari la mikate mpaka saa nne. Mikate ya boflo 120 kwa siku moja, na yote imekwisha. Nikaliangalia kabati la kioo lililobaki tupu, roho yangu ikarudi Kikwajuni, mjini Unguja, barazani kwetu, mama akiwa na sinia la katlesi chini ya kawa na boflo 10 ndani ya kikapu.

Nilikuwa darasa la tano. Mama akiuza katlesi peke yake na mkate peke yake, mpaka asubuhi moja mchukuzi wa bandarini akamwambia, "Bi mkubwa, nitilie humo humo ndani ya mkate, mikono yangu ina saruji." Mama akaupasua mkate ubavuni, akaacha upande mmoja ushikane, akatia katlesi mbili, akazibonyeza kwa kiganja. Kesho yake walikuja wachukuzi watano, wote wanataka vile vile. Neno sandwichi limekuja baadaye sana, na mwandika kibao. Husimuliwa kwamba John Montagu, lodi wa Sandwich huko Uingereza karne ya 18, alitaka nyama ndani ya mkate asipate kuinuka kwenye karata. Kwetu sisi ilikuwa saruji.

Siri ya mama ni kule kubonyeza. Katlesi iwe ya moto, ukiibonyeza viazi na kima vinaingia kwenye ule ulaini wa ndani ya mkate. Ndipo unatia chatne ya nazi, kachumbari mwisho kabisa, imekamuliwa maji. Ukitanguliza kachumbari mkate unalowa kabla mtu hajafika Darajani. Mpaka leo kijana mpya akija dukani namfundisha hilo kwanza, hata kabla ya kushika pesa.

Lakini jana nilikuwa namfikiria zaidi mzee wetu wa mikate. Disemba 2009 umeme ulizimika Unguja nzima, ukarudi Machi 2010. Umeme wetu unatoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, na hitilafu ilipoingia hatukuwa na njia nyingine. Pampu zikasimama, tukawa tunapanga ndoo visimani. Waliokuwa na majenereta waliwasha, na bei zao zikapanda. Mzee alikuwa na tanuri la kuni. Hakupandisha hata shilingi. Alfajiri tunasikia kengele ya baiskeli yake gizani, mama anatoka na kandili, wanahesabu mikate kwa mwanga ule: moja, mbili, tatu. Siku mama alipokosa pesa, mzee alimwambia, "Chukua mwanangu, utanipa ukiuza." Watu hawakuwa na friji ya kuwekea kitu, wakawa wananunua chakula cha kula saa ile ile. Tulitoka boflo 10 tukafika 40 katika miezi ile mitatu, na akiba yake ndiyo iliyotulipia kodi ya kwanza ya duka hapa Mlandege.

Baada ya hapo mambo yalikwenda, japo si moja kwa moja. Hoteli moja ya pwani ilichukua mikate ya wageni wao wa safari za mashua kwa miezi miwili, malipo tukayafuata mwaka mzima na nusu yake haikuja. Iliniuma, kwa sababu mama alikuwa akiamka saa tisa usiku kwa ajili yao. Tangu hapo nauza kwa mtu anayekula. Ramadhani mchana tunafunga duka, tunalifungua baada ya futari, na wateja wa daku wanatukesha.

Mzee ametangulia, Mungu amrehemu. Tanuri analo mwanawe, bado la kuni, ila mikate inakuja kwa Vespa. Nilimtumia ujumbe kabla sijalala: kesho nataka 130. Akajibu, "Inshaallah dada, acha mlango wazi saa kumi na moja."