Nyumba ya mbao inayofunguliwa: nilivyoijenga na kuiandikia karatasi Goma

Hapa Goma, mashariki ya Kongo, wengi tunajenga nyumba za mbao kwenye parseli (kiwanja) ya mtu mwingine. Parseli ikiuzwa, unang'oa misumari, na nusu ya mbao inapasuka. Yangu nimeijenga kwa vipande vinavyofungwa na bulo (bolti), ili niweze kuifungua na kuihamisha nzima. Portland, Marekani, tangu 2021 wanaruhusu watu kuishi katika nyumba ndogo za magurudumu ndani ya viwanja vya makazi. Kwetu, juu ya lava ya volkano Nyiragongo ya 2002, nyumba ya magurudumu haifiki mbali, ila chukudu, kile kibaiskeli cha mbao cha kusukuma mizigo, inabeba vipande vizuri.

Nilianza na karatasi. Kwa sheria ya ardhi ya Kongo ya 1973, ardhi ni mali ya Serikali, na kifungu cha 219 kinatambua haki ya mwenye parseli kwa cheti cha usajili tu. Basi omba kuona cheti hicho, usitosheke na fishi ya kartie (karatasi ya ofisi ya mtaa). Mimi na mwenye parseli tuliandikiana kwamba ninakodi udongo peke yake, nyumba ni mali yangu, na akinitaka nitoke ananipa miezi mitatu ya kuifungua. Nakala tatu, sahihi mbele ya shefu wa avenyu (kiongozi wa barabara yetu) na mashahidi wa pande zote. Ambatisha orodha ya vipande: bila hiyo, kesho warithi watasema nyumba ilijengwa na baba yao. Lakini parseli ikiwa ndani ya njia ya barabara, karatasi hiyo haikulindi.

Kipimo ni mita 4 kwa 2.40. Upana huo unatokana na bati la mita 3: linafunika kutoka ukuta hadi ukuta, na kila upande inabaki karibu sentimita 28 ya kutupa maji mbali. Mabati 7 yanatosha. Kuta ni vipande 8: vinne vya mita 2, vinne vya mita 1.20. Kila kiungo kina bulo 3 za milimita 10, urefu 120, pamoja na washa (vipete vya chuma) pande zote mbili; bulo jumla 24.

Mti wa eukaliptusi ukitoka msumenoni una maji. Upange kivulini, vijiti katikati, mpaka uwe mwepesi. Ukiufunga mbichi unajikunja, na matundu hayakutani tena. Toboa vipande viwili vikiwa vimebanwa pamoja, tundu la milimita 12.

Lava haichimbiki, kwa hiyo sakafu inakaa juu ya nguzo 9 fupi za mawe na sementi, zilizosawazishwa kwa mpira mwembamba wenye maji ndani. Weka kipande cha mpira wa gari kati ya jiwe na mti, na upake mafuta machafu ya injini upande wa chini.

Moshi wa Nyiragongo unatia asidi kwenye mvua, na kutu inaanzia penye matundu ya bati. Nilitumia skrubu zenye mpira, juu ya mgongo wa bati, kamwe si bondeni. Mbabula (jiko la makaa) inakaa nje: mtaa wa mbao ukishika moto, hauzimiki upesi.

Siku ya kuhama, andika namba kwa rangi upande wa ndani wa kila kipande, toa mabati kwanza, kisha pigilia ubao wa mshazari kwenye kipande cha mlango kabla hujalegeza bulo zake, maana hicho ndicho kinachojipinda njiani.